Gita la Besi na Mwenye Vyombo

Kisomo cha Watu Wazima kwa Redio: Somo la Historia

Kama mko katika kikundi, mmoja wenu na asome kwa sauti na wengine wamsikilize. Mwishoni mtakuta maswali ya kuzungumza pamoja.

Katika masomo yaliyopita tulitazama historia ya vyombo vya kazi: jembe, cherehani na mashine ya kusaga. Leo ni zamu ya gita la besi. Pengine wako watakaoguna, waseme gita ni chombo cha starehe wala si cha kazi. Kwa mtu anayecheza dansi, ni kweli. Lakini kwa mpigaji aliyesimama jukwaani mpaka saa nane za usiku, ambaye kodi ya chumba na karo ya mtoto zatoka katika nyuzi zile nne, gita ni chombo cha kazi sawasawa na cherehani ya fundi barazani.

Swali la leo limetoka Daraja Mbili, hapa Arusha. Wapiga besi wa huko, wengine wa kwaya za kanisani na wengine wa bendi za baa, wanabishana kila wakutanapo: gita la besi lililo bora ni lipi? Mmoja asema ni Fender, na mengine yote ni kuni. Wa pili asema jina si kitu, bora ni nyuzi. Wa tatu asema gita na nyuzi ni bure kama spika ni mbovu. Wa nne hunyamaza, kwa sababu gita analopiga si lake, na maoni yake hayana mtu wa kuyauliza. Somo letu litawasikiliza wote wanne, na huyo wa nne tutamtazama kwa makini zaidi.

1. Besi ni kitu gani?

Mtu yeyote aliyeimba kwaya anajua kwamba sauti ni nne, na ya chini kabisa ni besi. Hata asiyeimba kwaya, kama amewahi kusikiliza ngoma ya vijana wa Kimaasai au Waarusha, amesikia kazi ya besi. Mmoja huongoza wimbo kwa sauti ya juu, na wenzake hurudia chini, kwa sauti nzito za kooni, neno lile lile, kwa pumzi ile ile. Zile sauti za chini ndizo ardhi anayosimama mwongozaji. Ondoa sauti hizo, na mwongozaji atabaki akielea hewani.

Katika bendi ya dansi, ardhi hiyo ni gita la besi. Lina nyuzi nne, nazo hulia chini ya nyuzi nne nene za gita la kawaida kwa oktava moja. Uzi mnene kabisa hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gita la kawaida hutetemeka mara 82. Kumbukeni hesabu hiyo, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye spika.

2. Kabla ya umeme

Bendi za dansi katika nchi yetu ni za zamani kuliko gita la besi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Kabla yake kulikuwa na ngoma za beni, zilizoenea pwani na bara kwa kuiga bendi za kijeshi, na humo sauti ya chini ilitoka katika ngoma kubwa na matarumbeta makubwa. Huko Unguja, Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na katika taarab ya Unguja kazi ya besi ikaja kufanywa na fidla kubwa kupita zote, ile ambayo mpigaji huisimamisha sakafuni na kuikumbatia kama mtu.

Fidla hiyo ina sauti nzuri lakini ina taabu tatu. Kwanza, ni kubwa kuliko mtu, na kuisafirisha juu ya basi ni kuomba ivunjike. Pili, sauti yake humezwa na dramu na matarumbeta. Tatu, shingo yake haina alama, hivyo mpigaji lazima atafute mahali pa sauti kwa kidole na sikio peke yake. Akikosea kidogo, sauti imepotoka. Watu wasiokuwa na fedha za kuinunua walijitengenezea besi ya kasha la chai: kasha tupu, mpini wa ufagio na kamba moja. Ilitosha ukumbini, lakini haikuweza kuufuata wimbo kwa usahihi.

3. Mwaka 1951

Huko Marekani watu walikuwa wamekwisha jaribu kutengeneza besi ya umeme. Katika miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa mji wa Seattle alitengeneza moja ndogo ya kushikwa kama gita, lakini haikuenea. Aliyefaulu ni Leo Fender wa Fullerton, jimbo la California. Bwana huyu alikuwa fundi wa redio, na duka lake lilikuwa la kutengeneza redio zilizoharibika. Mwaka 1951 alitoa gita la besi aliloliita Precision, yaani usahihi. Jina hilo lilitokana na vipande vya chuma vilivyokatiza shingoni, ambavyo humwonyesha mpigaji mahali hasa pa kubana uzi, hata sauti isipotoke. Bei yake ilikuwa karibu dola 200. Mwaka uliofuata kiwanda kilitoa amplifaya ya kulifuata, iliyoitwa Bassman.

Angalieni jambo moja hapo. Fender hakutafuta kuumba sauti mpya. Alitaka kuziondoa zile taabu tatu: uzito, unyonge wa sauti na kupotoka. Monk Montgomery, aliyepiga katika bendi ya Lionel Hampton, alilichukua gita hilo safarini mpaka Ulaya mwaka 1953, na watu wakaona kwamba mtu mmoja mwenye mfuko begani aweza kuibeba besi nzima.

Wengine wakafuata upesi. Gibson walitoa besi yao ya umeme mwaka 1953. Huko Ujerumani, kiwanda cha Höfner kilitoa mwaka 1956 besi nyepesi yenye umbo la fidla. Fender mwenyewe aliongeza aina ya pili, Jazz Bass, mwaka 1960, yenye shingo nyembamba zaidi na vinasa sauti viwili. Mabishano ya wapigaji yakaanzia hapo, kwa kuwa sasa palikuwa na la kuchagua.

Lakini hata huko kwao, uchaguzi ulianzia mfukoni. Mwaka 1961, kijana Paul McCartney wa bendi ya Beatles alikuwa Hamburg akitafuta besi. Fender ilikuwa ghali mno kwake. Akanunua Höfner kwa kiasi cha pauni 30, na kwa kuwa hupiga kwa mkono wa kushoto, umbo la fidla lilimfaa, maana haligeuki vibaya likipinduliwa. Baadaye ulimwengu mzima ukasifu sauti ya Höfner. Vijana walioifuata walidhani wanafuata sauti, kumbe walifuata pauni 30 za kijana asiyekuwa na 100. Gita hilo liliibwa London mwaka 1972, na ilipofika mwaka 2024 ikatangazwa kwamba limepatikana na kurudishwa kwa mwenyewe.

4. Umeme wafika kwetu

Katika Afrika ya Kati na Mashariki, gita la umeme liliingia kwa nguvu kupitia Kongo. Mwaka 1953, mpiga gita Mbelgiji aitwaye Bill Alexandre alifika Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, akafanya kazi katika studio ya CEFA, na vijana wa huko wakaona kwake gita la umeme linavyopigwa. Mwaka 1960 African Jazz ya Joseph Kabasele ilirekodi Brussels wimbo wa uhuru wa Kongo uliosikika Afrika nzima. Sahani za santuri na redio zilizivukisha nyimbo hizo ziwa Tanganyika, na vijana wa Kigoma, Tabora, Mwanza na Arusha wakajifunza kwa sikio. Wengi wao waliisikia besi kabla ya kuliona gita lenyewe kwa macho.

Kusikia kulikuwa rahisi kuliko kupata. Bendi ya umeme huhitaji magita matatu au manne, dramu, vipaza sauti, amplifaya na spika. Vyote hivyo vilitoka nje, na bei yake kwa jumla haikuweza kufikiwa na kibarua au karani. Basi historia ya muziki wetu wa dansi ikachukua njia yake. Swali la kwanza halikuwa gita lipi ni bora. Swali lilikuwa: nani mwenye vyombo?

5. Shirika, tajiri na chama

Majibu yalikuwa matatu.

Jibu la kwanza lilikuwa klabu. Wanachama huchanga, hununua vyombo, na bendi huwa yao. Nyingi za bendi za zamani zilianza hivyo, kama vilabu vya dansi vyenye viingilio na kamati zake.

Jibu la pili lilikuwa shirika la umma. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz Band. Wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vikawa mali ya chama. Jina la bendi likabadilika kila chama kilipobadilika: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Jeshi, Polisi, Magereza, Umoja wa Vijana, kiwanda cha nguo cha Urafiki na Shirika la Bima navyo vikawa na bendi zake. Mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi, iliyojulikana kwa herufi TTTS, ilianzisha Mlimani Park. Kampuni iliposhindwa kuendelea, bendi ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, na ndiyo maana watu husema DDC Mlimani Park.

Jibu la tatu lilikuwa tajiri. Mfanyabiashara hununua vyombo, hukusanya wapigaji, hupokea viingilio vya mlangoni na kuwalipa. Orchestra Super Matimila ya marehemu Remmy Ongala ilichukua hata jina lake kutokana na mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Na mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim Gurumo akiwemo, walivutwa kwenda International Orchestra Safari Sound, bendi ya mtu binafsi.

Kila jibu lilikuwa na faida zake. Shirika lilileta mshahara wa mwezi, na mshahara ulimpa mpigaji heshima mtaani na nafasi ya kufanya mazoezi mchana. Tajiri alileta vyombo vipya na ushindani. Lakini katika majibu hayo mawili ya mwisho mpiga besi alifanana na dereva wa gari la mtu. Alilijua gari kuliko mwenyewe, alisikia kila mlio wake, hata hivyo ufunguo haukuwa wake. Alipotoka katika bendi alitoka mikono mitupu. Ujuzi wa vidole aliondoka nao, gita akaliacha ukutani.

Basi yule mpigaji wa nne wa Daraja Mbili, anyamazaye wenzake wakibishana, anayo historia ndefu nyuma yake. Kimya chake hakitokani na ujinga. Ni kimya cha mtu ambaye hajawahi kuulizwa: wewe wataka lipi?

6. Arusha katika habari hii

Sasa tuje mjini kwetu. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, ambako walipiga na Jamhuri Jazz Band. Tanga wakati huo ulikuwa mji wa magita hata katika taarab, kwani Black Star Musical Club ilitia gita la umeme na besi mahali ambapo Unguja walitumia fidla. Mwaka 1970 ndugu hao walikuja Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Hawakudumu. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Mombasa, wakaanzisha Simba Wanyika, na mwaka 1975 wakahamia Nairobi.

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na studio za biashara, viwanda vya kugandamiza sahani za santuri, na maduka ya vyombo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani. Bendi zetu zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, zikasikika nchi nzima, lakini mwenye kutaka sahani yenye jina lake alielekea Kenya. Mwaka 1978 wapigaji kadhaa wa Simba Wanyika walitoka wakaunda Les Wanyika. Kati yao alikuwamo mpiga besi Tom Malanga. Sikilizeni tena wimbo wao uitwao Sina Makosa, na mara hii muwaache waimbaji. Fuateni besi peke yake. Haina haraka wala maringo, nayo hunyamaza mahali panapotakiwa kunyamaza. Wimbo wote umesimama juu yake.

Huku nyuma, Arusha ilikuwa imekwisha lipa jina lake Azimio la tarehe 5 Februari 1967, lililosema kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Magita hayakutajwa, nayo si njia kuu ya uchumi wa nchi. Lakini kwa mpigaji mmoja mmoja, gita ndiyo njia yake kuu, na swali la Azimio lamhusu: chombo ninachofanyia kazi ni cha nani?

Kisha njia ikafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Namanga iko kilomita zipatazo 110 kutoka Arusha. Kwa miaka zaidi ya sita, duka la nyuzi la Nairobi likawa mbali kama la Ulaya. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikawa adimu. Katika foleni ya fedha hizo, gita halikuweza kusimama mbele ya dawa, petroli na vipuri. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya mapatano yaliyofikiwa Arusha hapa hapa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 uagizaji ukalegezwa zaidi.

Katika miaka hiyo ya mkato, wapiga besi walijifunza uangalifu mkubwa. Uzi uliochoka haukutupwa. Ulivuliwa, ukachemshwa majini ili mafuta na uchafu wa vidole vitoke, ukakaushwa na kurudishwa. Mbinu hiyo wapiga besi wa duniani kote waijua. Tofauti ni kwamba penye maduka hufanywa kwa kubana matumizi, na pasipo duka hufanywa kwa lazima.

Bidhaa ziliporudi, jambo jipya likatokea. Vinanda vya umeme vya Kijapani vikaingia makanisani na katika taarab mpya, na mahali pengi mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ukachukua kazi ya besi. Lakini kwaya nyingi hazikuliacha gita. Tumaini Shangilieni ya kanisa la Mtakatifu Yakobo, Kaloleni, ni mojawapo ya kwaya za Arusha zilizojulikana nchi nzima. Leo katika mitaa kama Daraja Mbili, Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited, vijana wengi huishika besi kwa mara ya kwanza kanisani. Kwa hiyo jibu la nne limeongezeka: mwenye vyombo ni usharika.

7. Mabishano yenyewe

Sasa tuyapime maoni ya wapigaji wetu moja baada ya moja.

Nyuzi. Ziko za aina mbili kubwa. Za kwanza zimezungushiwa waya bapa, nazo ni laini chini ya kidole. Sauti yake ni nzito na fupi. Za pili zimezungushiwa waya wa mviringo, nazo hukwaruza. Sauti yake hung'aa na kudumu. Kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilizieneza za pili kuanzia mwaka 1966, pamoja na mpigaji John Entwistle. Lakini James Jamerson wa Detroit, ambaye besi yake yasikika katika nyimbo nyingi za Motown za miaka ya 1960, alitumia nyuzi bapa, alipiga kwa kidole kimoja, na hakupenda kubadili nyuzi mpaka zikatike. Mwenye kusema nyuzi mpya tu ndizo nzuri, na amsikilize huyo kwanza. Kwa rumba na nyimbo za polepole, nyuzi za zamani zafaa sana. Kwa sebene la haraka, zenye kung'aa husikika vizuri zaidi kati ya magita.

Kidole au kipande. Wengine hupiga kwa vidole viwili, wengine kwa gumba, wengine kwa kipande kigumu cha plastiki. Wako wasemao kipande ni cha wanaojifunza. Si kweli. Carol Kaye wa Los Angeles alipiga kwa kipande katika rekodi nyingi mno za Marekani, naye hakuwa mwanafunzi.

Nyuzi nne au tano. Uzi wa tano huongezwa chini, nao hutetemeka kama mara 31 kwa sekunde. Wapigaji wa kwaya huupenda kwa sababu kwaya hubadilisha ufunguo mara kwa mara. Wazee wa dansi husema nne zatosha. Wote wana haki, ila kumbukeni kwamba spika ndogo haiwezi kuutoa uzi huo wa tano. Mtu aweza kuulipia uzi asiousikia.

Betri. Toka miaka ya 1970 yako magita ya besi yenye kikuza sauti kidogo ndani, kinachotumia betri ya volti 9. Humpa mpigaji uwezo wa kuongeza au kupunguza sauti za juu na za chini. Ubaya wake ni kwamba betri ikifa katikati ya ibada, gita nalo hufa. Mwenye gita la namna hiyo na awe na betri ya pili mfukoni, na achomoe waya amalizapo kupiga, maana waya ukibaki betri huisha.

Spika. Hapa tukumbuke ile hesabu. Sauti ya mitetemo 41 ina wimbi lenye urefu wa kama mita 8 hewani, na ili kuisukuma hewa kiasi hicho spika lazima iwe kubwa au ziwe nyingi. Ndiyo maana spika ya gita la kawaida hupasuka ikipewa besi. Wapigaji hubishana kama ni bora spika moja ya inchi 15 au nne za inchi 10. Ile moja huwa na sauti ya kina. Zile nne hutoa kila pigo kwa wazi zaidi. Mwaka 1969 Ampeg walitoa amplifaya ya wati 300, SVT, ambayo kichwa chake peke yake kilihitaji watu wawili kukibeba kwa raha. Leo vipo vichwa vya nguvu kama hiyo visivyofika kilo 3. Yule wa tatu, anayesema spika kwanza, ana hoja kubwa: gita la bei ndogo katika spika njema hulishinda gita la bei kubwa katika spika iliyopasuka.

Mti. Wengine husifu mti wa gita kuliko yote. Kwetu hoja hii ina uchungu wake. Mpingo wetu, mti wa Lindi na Kilwa, hukatwa ukapelekwa ng'ambo kutengenezea zumari za Kizungu ziitwazo klarineti na obo, kisha hurudi kama chombo ambacho mkazi wa Kilwa hawezi kukinunua. Hata katika mti, swali ni lile lile la mwenye chombo.

8. Yanayotupasa

Historia yafaa itusaidie kutenda. Kwa mpigaji anayetaka kununua: pigeni besi kabla ya kutoa fedha, kila uzi na kila kituo cha shingo, mkisikiliza mahali panapozizima. Angalieni shingo kama imepinda. Msinunue jina lililoandikwa kichwani, maana majina huigwa, nunueni mnachokisikia. Amplifaya iliyotoka Marekani aghalabu ni ya volti 120, na umeme wetu ni wa 230. Someni nyuma yake kabla ya kuichomeka, la sivyo itaungua mara moja.

Kwa mpigaji asiye na fedha: kina mama wa mtaani wamekwisha tuonyesha njia kwa upatu. Wapigaji watano wakichanga kila wiki, kila mmoja kwa zamu yake hupata chombo chake. Hili ndilo jibu la klabu za zamani, nalo halijafa.

Kwa mpigaji anayetumia chombo cha tajiri au cha usharika: si aibu, maana waliomtangulia walipiga hivyo na wakafanya makubwa. Lakini na yaandikwe mapatano. Nani atanunua nyuzi? Spika ikipasuka nani atalipa? Mpigaji aweza kulichukua gita nyumbani kufanya mazoezi? Akiacha kazi, atalipwaje siku alizofanya? Karatasi moja yenye sahihi mbili huzuia ugomvi ambao umevunja bendi nyingi. Na mwenye vyombo, kabla hajaagiza gita jipya, na amuulize yule atakayelipiga. Atapata chombo kitakachodumu, kwa sababu mtu hukitunza vizuri chombo alichoulizwa habari zake.

Basi gita lipi ni bora? Wapigaji watatu wa Daraja Mbili wametoa majibu yao, na kila jibu lina ukweli ndani yake. Ila sikio huchagua vizuri pale tu lilipopewa nafasi ya kuchagua. Miaka mingi wapiga besi wetu walipewa chombo wakaambiwa pigeni, nao wakapiga mpaka majirani wa nchi tatu wakacheza. Yatubakia sisi kuhakikisha kwamba wa nne naye anaulizwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taabu tatu za fidla kubwa zilikuwa zipi, na gita la mwaka 1951 liliziondoaje?
2. Taja njia nne ambazo bendi na kwaya zilipata vyombo. Katika mtaa wenu, ipi yatumika zaidi?
3. Kufungwa kwa mpaka kati ya 1977 na 1983 kuliwaathirije watu wa Arusha katika kazi zenu au za wazazi wenu?
4. Fikirini kazi nyingine ambayo mfanyakazi hutumia chombo cha mtu: bodaboda, cherehani, mashine ya kusaga. Mapatano yake huandikwa? Yangefaa yaseme nini?
5. Kama kikundi chenu kingeanzisha upatu wa kununua vyombo, mngeanza na kipi, na kwa nini?

Somo letu la leo limekwisha. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.